Maganda ya Foraminifera Yakikupa Joto Lisiloingia Akilini: Utatuzi wa Matatizo, Dalili kwa Dalili

Mashine ya kupima isotopu, yaani aina za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito, haikatai kukupa namba. Ganda zima, ganda lililogeuka chokaa, ganda lenye udongo tumboni, yote yatarudi kutoka maabara na namba yenye desimali mbili, na karatasi haitakuambia lipi ni lipi. Mwongozo huu ni wa wanaofanya kazi na matope ya bahari yetu: wanafunzi wa jiolojia na sayansi ya bahari hapa Dar es Salaam, mafundi wa maabara, na yeyote aliyeletewa jedwali la joto la bahari ya kale akabaki anakuna kichwa. Matatizo yaliyomo ni yale yanayorudi muhula hadi muhula.

Kwanza msingi, kwa ufupi. Foraminifera ni kiumbe wa seli moja anayejijengea ganda la kalsiti, mara nyingi la ukubwa wa punje ya mchanga. Maji yakiwa ya baridi, ganda linabeba oksijeni 18 zaidi ukilinganisha na oksijeni 16. Mwanakemia Harold Urey alilieleza wazo hilo mwaka 1947, na mwanajiolojia Cesare Emiliani akalitumia kwenye matope ya bahari kuu mwaka 1955. Kwa makadirio ya haraka, oksijeni 18 ya ganda ikiongezeka kwa sehemu 1 kwa elfu, maji yamepoa nyuzi 4 hadi 5. Njia ya pili ni magnesi: maji yakipata joto, ganda linaingiza magnesi zaidi mahali pa kalisi, kiasi cha asilimia 9 kwa kila nyuzi moja.

Kabla hujagusa chochote, gawa sampuli na uifiche nusu yake. Marekebisho karibu yote yaliyo hapa chini yanahitaji kurudi kwenye maganda, na aliyetuma yote hana pa kurudi.

Dalili ya 1: Bahari ya tropiki inatoka ya baridi mno

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Umechukua udongo wa Eosini (enzi ya joto ya miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita) kutoka Kilwa au Lindi, unatarajia bahari yenye joto, jedwali linakuambia nyuzi 18. Au umechukua tope la enzi ya barafu kutoka mashariki ya Mafia, linakuambia bahari ilikuwa baridi kuliko leo kwa nyuzi 7.

Anza na ganda lenyewe. Kwa sampuli za zamani, chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kalsiti iliyojijenga upya. Kiumbe alikufa, ganda likazama na kuzikwa, kisha kalsiti yake ikayeyuka kidogo kidogo na kuganda tena kwa maji ya sakafuni, ambayo ni ya baridi. Unachopima ni joto la juu lililochanganyika na la chini.

Kulichunguza hakuna gharama. Panga maganda machache kwenye trei nyeusi, yadondoshee tone la maji, tazama chini ya hadubini. Ganda zuri likilowa hupitisha mwanga kama kioo: unaona vyumba vya nyuma kupitia ukuta wa mbele, na vitundu vya ukutani vina kingo kali. Lililojengwa upya hubaki jeupe pe hata likilowa, na vitundu vyake vimezibazibika. Ukiwa na shaka, livunje moja kati ya vipande viwili vya kioo, taratibu, mpaka usikie limepasuka, kisha geuza kipande utazame ukuta kwa ndani. Ukuta laini ni dalili njema. Ukiona fuwele zinazometameta zimejipanga ndani ya chumba, hiyo ni kalsiti ngeni. Mwenye nafasi ya kutumia hadubini ya elektroni aangalie mkato wa ukuta: ganda halisi lina chembe ndogo mno, chini ya mikromita moja, na lililogeuka lina matofali makubwa ya fuwele.

Nakaa hapa kwa sababu pwani yetu ya kusini ndiyo iliyosaidia kuufungua mkanganyiko huu duniani. Kwa miaka mingi maganda kutoka sakafu ya bahari kuu yalionyesha kwamba tropiki za Eosini zilikuwa za baridi kuliko za leo, wakati huohuo maeneo ya karibu na ncha za dunia yalikuwa na joto. Mifano ya kompyuta ya hali ya hewa ilishindwa kulieleza hilo. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya maganda yaliyohifadhiwa vizuri mno, yakiwemo ya Lindi na Kilwa. Yalionyesha bahari ya tropiki yenye joto angalau kama la leo, na pengine nyuzi kadhaa zaidi. Siri ilikuwa udongo wa mfinyanzi wa pwani ile: haupitishi maji kirahisi, hivyo maganda yalikaa ndani yake kwa mamilioni ya miaka bila kuguswa. Baadaye ukafanyika uchimbaji wa makusudi wa kisayansi katika mikoa hiyo, Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, likiwa mshirika. Kwa hiyo anayefanya kazi na udongo wa Kilwa ameshika moja ya hazina bora za aina yake, na ana wajibu wa kutoichafua kwa uvivu wa hadubini.

Maganda yakiwa mazuri na baridi bado ipo, fuata mambo haya kwa mpangilio huu.

Spishi na kina. Globigerinoides ruber anaishi karibu na uso wa bahari. Neogloboquadrina dutertrei anaishi chini zaidi, pale joto linapoanza kuanguka ghafla. Anayechagua haraka jioni, macho yamechoka, anawachanganya. Mwaga tena trei, chagua upya mchana, na umwombe mwenzako akague bila kumwambia unatarajia nini.

Barafu. Enzi ya barafu iliyopita, maji mengi mepesi, yaani yenye oksijeni 18 kidogo, yalifungwa kwenye mabarafu ya nchi kavu, na bahari yote ikabaki na oksijeni nzito kwa karibu 1 kwa elfu. Nicholas Shackleton alisisitiza mwaka 1967 kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko aliyoyaona Emiliani ni barafu, wala si joto. Usipoondoa hiyo 1, umejiongezea baridi ya uongo ya nyuzi 4 hadi 5, na zile nyuzi 7 za Mafia zinarudi kwenye 2 au 3. Kwa Eosini hesabu inageuka: dunia haikuwa na mabarafu makubwa, maji yalikuwa mepesi, na ukiyachukulia kama ya leo unapata joto kupita kiasi.

Kizio. Kipimo cha maji na kipimo cha kalsiti vina viwango viwili tofauti vya rejea, na kati yao kuna marekebisho ya 0.27 kwa elfu. Ukiyasahau, joto linapanda kwa zaidi kidogo ya nyuzi 1. Ukiyaondoa mara mbili, kwa sababu fomula uliyotumia tayari imeyabeba, linashuka kwa kiasi hichohicho. Soma fomula mpaka mwisho.

Mwisho kabisa, kwa wanaotumia magnesi kwenye maganda ya kale: uwiano wa magnesi na kalisi katika bahari ya leo ni karibu 5, na wa Eosini ulikuwa chini sana ya hapo. Fomula ya leo, ikitumika bila marekebisho, itakupa bahari baridi.

Simama hapa kama maganda yote ni meupe pe. Hakuna dawa ya kuyarudisha, na kuosha zaidi hakusaidii. Tafuta tabaka lingine, au umwone mtaalamu wa visukuku akuambie kama kwenye kisima hichohicho kuna kina chenye udongo mzito zaidi.

Dalili ya 2: Magnesi inatoa joto la kupindukia, nyuzi 33 na kuendelea

Fomula inayotumiwa na wengi inasema: uwiano wa magnesi kwa kalisi ni sawa na 0.38 mara e yenye kipeo cha 0.09 mara joto. Kwa nyuzi 28 unategemea milimoli 4.7 hivi za magnesi kwa kila moli ya kalisi. Sasa ongeza milimoli 2 tu kutoka kwenye uchafu: joto linaruka hadi karibu 32. Uchafu kiduchu, kosa la nyuzi 4.

Chanzo cha kwanza ni udongo wa mfinyanzi ndani ya vyumba, na mbele ya Rufiji udongo huo ndio mwingi kuliko kitu kingine. Kagua kwenye jedwali kabla ya kurudi maabara. Chora magnesi dhidi ya alumini, kisha dhidi ya chuma. Zikipanda pamoja kwa mstari, unapima udongo. Zikitawanyika bila mpangilio na alumini iko chini, udongo hauna hatia.

Kuosha kunaanza kwa kulifungua ganda, na hapo wengi hukosea: wanaosha ganda zima, maji yanapita nje, udongo unabaki umestarehe ndani. Vunja kati ya vioo viwili mpaka kila chumba kiwe kimefunguka, lakini usisage unga. Tia kwenye kichupa maji safi ya maabara, weka kwenye chombo cha mawimbi ya sauti kwa muda mfupi, mwaga, rudia. Kisha fanya vilevile kwa methanoli. Ukitazama kichupa kwa mwanga wa upande, utaona wingu la maziwa linanyanyuka kutoka kwenye vipande, na mwenye haraka hujidanganya kwamba wingu la kwanza ndilo la mwisho. Endelea mpaka kimiminika kibaki maangavu. Baada ya hapo hufuata hidrojeni peroksaidi hafifu iliyochanganywa na sodiamu haidroksaidi kwenye maji ya moto, ili kuondoa mabaki ya nyama na utelezi, na mwisho asidi ya naitriki iliyozimuliwa mno, kwa sekunde chache tu.

Chanzo cha pili ni chumvi, na hapa Dar es Salaam tusikidharau. Chumvi ya bahari ina magnesi. Tope lisilosuuzwa vizuri hubaki nayo, na ukisuuza kwa maji ya kisima ya mji huu, ambayo mitaa mingi ya karibu na bahari yana chumvi, unaongeza nyingine. Kausha tone la maji yako juu ya kioo: likiacha duara jeupe, usilitumie kusuuzia mwisho.

Cha tatu ni utando wa manganisi, ambao haukubali kutoka kwa peroksaidi. Manganisi ikiwa juu huku alumini iko chini, ndiwo huo. Cha nne ni chumvi kuongezeka kwenye maji ya kale yenyewe, jambo linalopandisha magnesi kidogo, asilimia 4 hivi kwa kila kizio kimoja cha chumvi. Usikikimbilie hiki kabla hujamaliza vitatu vya mwanzo.

Onyo. Utando wa manganisi huondolewa kwa haidrazini, na haidrazini ni sumu kali, inawaka, na inahusishwa na saratani. Isiguswe nje ya kabati la hewa linalofanya kazi kweli, na umeme ukikatika katikati ya kazi, feni ya kabati nayo imezimika: funika, toka nje, mwite msimamizi. Ambaye hajawahi kufundishwa kazi hiyo asiijaribu. Apeleke sampuli kwa maabara yenye uzoefu.

Dalili ya 3: Vipimo vya marudio havilingani

Tope lile lile, spishi ile ile, na namba zinapishana kwa 0.8 kwa elfu. Kabla ya kuilaumu mashine, hesabu ulitumia maganda mangapi. Kiumbe huyu anaishi wiki chache tu. Pwani yetu wakati wa kusi, Agosti hivi, uso wa bahari unashuka hadi karibu nyuzi 25 au 26, na kaskazi inapoishia, Machi, unafika 29 au 30. Ganda la kusi na ganda la kaskazi zinapishana kwa karibu 0.9 kwa elfu bila kosa la mtu yeyote. Ukipima maganda mawili matatu, unapiga kura ya misimu. Kwa magnesi chukua 20 hadi 30, na kwa isotopu usishuke chini ya kumi kama yapo.

Pili, ukubwa. Ganda kubwa na dogo la spishi moja hayakukulia kina kimoja. Chekecha na ubaki kati ya mikromita 250 na 355. Tatu, uchafuzi wa chekeche: maganda ya jana yamebaki yamekwama kwenye matundu. Dawa yake ni ya zamani na rahisi, chovya chekeche kwenye rangi ya methilini bluu kati ya sampuli na sampuli. Ganda lolote la bluu utakaloliona baadaye ni la jana, litoe.

Wadudu na minyoo ya sakafuni nao huchanganya tope kwa sentimita kadhaa, na hapo hakuna la kufanya isipokuwa kuacha kudai usahihi wa miaka michache.

Kama maganda ni mengi, ukubwa mmoja, chekeche safi, na bado mtawanyiko upo, omba maabara ikuonyeshe vipimo vya sampuli rejea za siku ile ile. Rejea zikiwa zimeyumba, tatizo ni lao, na wataalamu waaminifu hurudia bila kunung'unika.

Dalili ya 4: Oksijeni inasema joto, magnesi inasema hakuna kilichobadilika

Kwa matope ya mbele ya mito, hili mara nyingi si kosa. Maji ya mvua yanayoletwa na Rufiji ni mepesi kwa oksijeni 18. Mafuriko yakiongezeka, ganda linaonekana jepesi, na fomula inayatafsiri kuwa ni joto. Magnesi haidanganyiki kwa kiasi hicho. Chukua joto la magnesi, liondoe kwenye oksijeni, kinachobaki ni habari ya maji yenyewe: chumvi, mvua, mto. Wanaosoma historia ya mvua ya Afrika Mashariki wanautegemea mtego huu. Hakikisha tu kwamba vipimo vyote viwili vimetoka kwenye maganda yaliyochaguliwa pamoja, vinginevyo unatoa embe kwenye nazi.

Dalili ya 5: Maganda ni machache, yametoboka, au yametoweka

Uliza kwanza tope limetoka wapi. Ukichota Kunduchi au katikati ya mkondo wa Unguja, ambako bahari haina kina kirefu, foraminifera wanaoelea watakuwa haba, na utakutana na wa sakafuni na wa miambani kama Amphistegina. Tope halina kosa. Hapo si mahali pake.

Kama maganda yalikuwepo ukayaona na sasa hayapo, tatizo liko kabatini. Tope jeusi lenye harufu ya yai viza lina pairiti, madini ya chuma na salfa. Likikaa miezi kadhaa kwenye joto na unyevunyevu wa mji huu, hewa inaigeuza pairiti kuwa asidi ya salfuriki, na asidi inakula kalsiti. Ushahidi wake unaonekana kwa macho: sindano ndogo angavu za jasi zimeota juu ya tope lililokauka. Ukiziona, osha sampuli zote zilizobaki leo leo, zikaushe kwa nyuzi 40 hadi 50, uzifunge kwenye vichupa vikavu. Formalini isiyotiwa kizuia asidi inafanya uharibifu uleule kwa haraka zaidi, na wanaotaka kutambua foraminifera waliokuwa hai huipenda, hivyo waangalieni hao.

Tope la kina cha mita 4,000 na zaidi lina sababu nyingine: maji ya huko yanayeyusha kalsiti. Kabla ya kutoweka kabisa, ganda linakonda, na sehemu zenye magnesi nyingi ndizo zinazotangulia kuondoka, kwa hiyo joto linashuka kwa uongo. Vipande vilivyovunjika vikiwa vingi kuliko maganda mazima, usipime magnesi.

Dalili ya 6: Joto limeganda kwenye 28 au 29 na halisogei

Hili linawapata waliotumia alkenoni, mafuta yanayoachwa na mwani mdogo, badala ya maganda. Kipimo hicho hujaa karibu na nyuzi 28 hadi 29 na hakiwezi kuona zaidi ya hapo. Bahari yetu inakaa palepale kwenye dari lake kwa sehemu ya mwaka. Hakuna la kurekebisha, rudi kwenye magnesi.

Dalili ya 7: Joto linaeleweka, lakini miaka inarudi nyuma

Tope la chini linatoka na umri mdogo kuliko la juu. Kagua maandishi ya lebo kwanza, kwani vipande vya nguzo ya tope (tope lililochotwa kwa bomba refu) hugeuzwa juu chini wakati wa kukata kuliko watu wanavyokiri. Kisha angalia kama kaboni 14, inayotumika kupima umri, imerekebishwa kwa umri wa maji ya bahari yenyewe, ambayo hubeba kaboni ya zamani na kulifanya ganda lionekane kuukuu kwa mamia ya miaka. Kisha tazama picha za nguzo: tabaka lililokunjika, mchanga mkubwa chini na mdogo juu, au mpaka uliokatwa kwa mshazari vinaashiria maporomoko ya chini ya bahari, ambayo kwenye mteremko wa mbele ya delta ni jambo la kutegemewa.

Ukigundua poromoko, weka kalamu chini. Usiruke sentimita zenye tabu ukaunganisha mstari wa joto juu yake. Mpelekee picha mtaalamu wa matabaka, aweke mipaka ya kipande kilichoporomoka, na kipande hicho kitolewe kwenye mchoro wote, hata kama ndicho chenye maganda mazuri kuliko mengine.